Gari la Kutoka Kolwezi

Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, Bilonda aliwasha mbabula, lile jiko la bati la makaa, nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Alipepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka makaa yakawa mekundu, akateleka maji ya kuoga ya baba yake, akamwamsha mdogo wake Louis, kisha akamfunga mgongoni mtoto Elise ili mama yao apate kukoroga uji. King'ora cha mgodi kililia. Baba yake, Tata Kazadi, alitoka chumbani amevaa kofia ngumu ya kazi, akafika mpaka kwenye lango, akashika komeo. Hapo akasimama. Akakumbuka. Akaivua ile kofia, akarudi kuketi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu alipofukuzwa kazini. Hakuiba, hakulewa, hakuchelewa. Aliendesha lori kubwa la madini, ambalo gurudumu lake peke yake lilimzidi mtu kimo, na hakuwahi kugonga hata jiwe. Kosa lake lilikuwa moja: babu yake aliletwa na Wazungu kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Katika mwaka ule wa 1993, mjini Kolwezi, kosa hilo lilitosha. Tata Kazadi alizaliwa Kolwezi. Bilonda naye alizaliwa Kolwezi, na alikuwa na miaka kumi na mitatu bila kuiona Kasai hata kwa picha. Lakini vijana walipita mitaani na firimbi na matawi ya miti, wakigonga malango, wakipiga kelele, "Bilulu! Wadudu! Murudi kwenu!"

Jumatatu walisimama mbele ya lango lao.

"Tata," alisema mmoja, kijana ambaye zamani alikuja hapo hapo kuomba maji ya kunywa akitoka kucheza mpira, "tunakupatia mpaka siku ya Mungu. Jumapili tukirudi, nyumba iko yetu."

Tata Kazadi alilisukuma lango likafunga. Akatia komeo, akarudi ndani.

Watu wengi wa Kasai walikuwa wamekimbilia stesheni. Walilala pale juu ya mizigo yao, kati ya masanduku, chini ya maturubai, wakisubiri treni ambayo leo ilisemekana iko Tenke, kesho haijulikani iko wapi. Mama yake Bilonda, Mama Ndaya, alikwenda kutazama, akarudi uso umemkauka.

"Mi siendi kukaa pale na Elise," alisema. "Surua imeingia. Batoto banakufa mbele ya mama zao. Tuende kwa njia ya motokari."

Basi ikabaki njia hiyo: kuvuka mto Lualaba kule Nzilo, kupanda vilima, kupita Kamina, mpaka Mwene-Ditu huko Kasai, alikoishi dada yake Mama Ndaya. Na ili kwenda kwa gari, ilibidi kwanza kupata gari.

Hapo Bilonda akajiona mtu wa maana. Chini ya kitanda chake alikuwa na magazeti ya magari, yaliyotupwa na mhandisi mmoja mgeni alipoondoka. Yalikuwa ya Kifaransa, yamechanika pembe, na Bilonda aliyajua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani. Alijua injini ipi ina nguvu za farasi wangapi, gari lipi linafika kasi ya mia kwa sekunde ngapi, lipi lina mwendo wa mwisho wa kutisha. Rafiki yake Mbuyu, ambaye wazazi wake walitoka kaskazini ya Katanga hiyo hiyo, mkoa wa Kolwezi, hivyo hakuna aliyewafukuza, na ambaye aliendelea kuja hata baada ya kuonywa asije, alikuwa akimcheka.

"Weye utaolewa na motokari," Mbuyu alisema. "Siku ya harusi tutakumwagia mafuta ya breki."

"Wacha wivu. Ukinunua la kwako utakuja kuniuliza mimi."

"Mi nitanunua baiskeli. Baiskeli haiko na namba nyingi."

Mtu mwenye magari alikuwa Polycarpe, mfanyabiashara kijana wa upande wa soko, mcheshi, mwenye shati la maua na meno meupe. Siku hizo alibadilishana vitu na watu waliokuwa wakiondoka: wewe unampa vyombo vya nyumba, yeye anakupa usafiri. Uani kwake yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa jekundu, fupi, limeketi chini kama paka anayetaka kuruka. La pili lilikuwa kamioneti kuukuu ya kijivu, yenye turubai nyuma, taa moja imefungwa kwa waya, na milango miwili ya rangi mbalimbali.

Bilonda alifika hapo na wazazi wake, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye lile jekundu. Alilijua! Lilikuwa katika gazeti la tatu, ukurasa mzima.

"Tata! Hili linafika mia na themanini!"

"Musikie mutoto!" Polycarpe alipiga makofi. "Anajua kuliko miye mwenyewe. Mutoto weye, uje tuuze pamoja."

Mama Ndaya hakulitazama sana lile jekundu. Alikwenda kwenye kamioneti, akapiga gurudumu kwa kisigino, akachuchumaa, akachungulia chini. Aliinuka na vumbi kwenye kitenge.

"Hii injini, fundi wa porini anaijua?" aliuliza.

"Mama, hata mubuzi anaijua," Polycarpe akasema. "Inakufa leo, inafufuka leo. Lakini weye na tata, watu wakubwa wa kampuni, mutatoka Kolwezi ndani ya hii? Kama magunia ya muhogo?"

Maneno hayo yalimpata Tata Kazadi penyewe. Akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa gari jekundu. "Bilonda, panda. Utanisomea sindano."

Kwenye malori makubwa ya mgodi kulikuwa na desturi yao. Njia ya kushukia shimoni ni nyembamba, na dereva akiondoa macho kwenye ukingo hata kidogo, wote wamekwisha. Kwa hiyo dereva hutazama njia tu. Kando yake huketi mwanagenzi, na kazi yake ni kutazama sindano za joto la maji, za mafuta na za breki, na kuzitaja kwa sauti: "Maji sawa! Mafuta sawa! Breki sawa!" Tata Kazadi alimfundisha Bilonda mchezo huo alipokuwa mdogo, wakiwa wameketi kwenye viti vya jikoni, sinia likiwa usukani. Na alimwambia jambo moja ambalo hakulisema kwa mchezo: dereva humwamini msomaji wa sindano kama anavyoyaamini macho yake.

Gari jekundu liliondoka kwa mngurumo. Walishika barabara pana ya mtaa wa wakubwa wa kampuni, lami laini, miti ya maua ya zambarau pande zote mbili, bila shimo hata moja. Tata Kazadi alibadilisha gia na gari likaruka mbele. Mgongo wa Bilonda ulibanwa kitini. Miti ilikimbia. Kwenye kona gari halikuyumba. Lilishika lami kama mkono unavyoshika mkono.

Kisha Tata Kazadi akacheka.

Bilonda aligeuka kumtazama. Hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu siku ya kufukuzwa. Alicheka kwa kifua chote, kichwa nyuma, kama kijana aliyeshinda mechi. "Aïe, maman!" alisema. "Hii njo inaitwa kuendesha! Unasikia? Inaniitika kabla sijaiomba!"

"Ninasikia, tata!"

Akashusha macho kwenye sindano. Ya mafuta ilikuwa mahali pake. Ya maji, ile ndogo ya pembeni upande wake, ilikuwa ikipanda. Ilivuka katikati. Ikagusa alama nyekundu. Ikaingia ndani yake. Harufu tamu ya maji yaliyochemka ikapita puani mwa Bilonda.

"Sindano?" baba yake akauliza, bado anatabasamu, macho njiani.

Bilonda alifungua kinywa. Aliona meno ya baba yake, aliona mabega yake yaliyokuwa yamenyooka tena. Angesema, na kicheko kile kingezimika kama mshumaa.

"Maji sawa," alisema. "Mafuta sawa. Breki sawa."

"Muzuri, maman." Hivyo ndivyo alivyomwita binti yake alipofurahi.

Waliingia uani kwa Polycarpe, na Polycarpe mwenyewe alikuwa wa kwanza kukimbia kuzima injini. Bilonda aliliona hilo pia. Akanyamaza nalo.

Jioni waliketi kula bukari, ule ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo, lakini mikono iliingia sahanini polepole. Nje firimbi zilipita. Kila zilipopita, Mama Ndaya alimvuta Elise karibu.

"Nimechagua," Tata Kazadi alisema. "Jekundu. Kesho Polycarpe anatuma wabebaji kuchukua frigo, vitanda na cherehani."

"Tata Bilonda," mama akasema kwa upole, "ile motokari iko ya lami."

"Ina nguvu! Mwambie, Bilonda."

Bilonda alitaja namba. Alizitaja zote, lakini sauti yake haikuwa na moto.

"Hizo namba walizipimia wapi?" mama aliuliza. "Walipitia Nzilo? Walipakia watu na magodoro na maji ya mutoto? Kulikuwa na matope?"

"Mama Bilonda, mi ni dereva."

"Weye ni dereva wa kampuni." Mama Ndaya aliweka tonge chini. "Usikasirike, nikuambie. Lori yako ikikufa, unafanya nini? Unaita kwa redio. Mafundi wanakuja na winchi, wanakuletea ingine, na jioni unakula hapa. Mi nimepanda kamioneti za watu kwenda Bukama kununua samaki, unajua. Ikikufa, hakuna redio. Iko jua, iko weye, iko samaki inaanza kunuka. Nimelala kando ya njia nikifukuza nzi. Sijawahi kuuliza motokari inakimbia namna gani. Ninauliza, ikikataa, nani ataibembeleza?"

Tata Kazadi alisukuma sahani kando. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa chungu: "Wamenitoa kazi. Wananitoa nyumba. Batoto ba jana bananiita mududu. Mama Bilonda, leo kwa hiyo lami nilikuwa mutu. Unataka nitoke hapa nikitambaa, wote wakinitazama?"

Mama alianza kukusanya sahani. Bilonda naye aliinuka kusaidia. Tonge lake aliliacha bila kuliwa.

Kesho yake asubuhi alikwenda bombani kuchota maji. Wasichana wawili waliokuwa darasa moja naye waligeuza migongo, mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Maji ya hapa si ya wasafiri." Mbuyu alikuwapo. Alichukua ndoo ya Bilonda, akaipenyeza mbele yao wote, akaijaza mpaka ikamwagika.

"Kama muko na shida, mufukuze na mi," aliwaambia. Kisha, wakiwa njiani: "Mbona unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia? Mumepata motokari, si ndiyo?"

"Jekundu."

"Lile la mapicha! Sasa kwa nini hauruki?"

Bilonda alitua ndoo. "Mbuyu, nilipokuwa ndani, sindano ya maji iliingia nyekundu."

"Sindano ikiingia nyekundu inakuwaje?"

"Maji ya injini yanachemka. Ukiendelea, injini inakufa."

"Mulikuwa mumekwenda mbali?"

"Tulizunguka mtaa wa wakubwa tu, jana asubuhi."

Mbuyu alimtazama. "Kwa lami? Asubuhi, na baridi yake? Na kule milimani?"

Bilonda aliyatazama maji ya ndoo. Alikuwa ameliona tayari: gari limesimama katikati ya pori, moshi mweupe, Elise analilia maji, na maji yote waliyobeba yamemiminwa kwenye injini. Namba zake zote za magazetini hazingemsogeza mtu hatua moja.

"Umemwambia tata yako?"

"Alikuwa anacheka, Mbuyu. Alikuwa anacheka! Unajua yeye sasa anakaa namna gani? Kama mtu amekwisha kufa. Ningemwambia namna gani?"

"Miye pia napenda tata yangu akicheka," Mbuyu alisema. Alichora kitu vumbini kwa kidole cha mguu. "Lakini ukinyamaza, atalilia kule, na hakutakuwa mutu wa kumusaidia. Kimbia, Bilonda. Ndoo nitaleta miye."

Bilonda alikimbia. Alipofika, wabebaji wa Polycarpe walikuwa wamekwisha kupakia frigo kwenye mkokoteni na kuifunga kamba. Vitanda vilikuwa nje. Mama Ndaya alisimama mlangoni, mkono juu ya cherehani yake, kama mtu anayeaga mgonjwa. Gari jekundu limeegeshwa langoni, linang'aa, na Polycarpe ameliegemea, ufunguo unazunguka kidoleni. Majirani walikuwa wametoka kutazama.

"Tata," Bilonda alisema, akihema. "Nilikudanganya."

Tata Kazadi aligeuka.

"Nilisema maji sawa. Hayakuwa sawa. Sindano iliingia nyekundu, na kulinuka maji ya moto. Nilikuona unacheka, nikaogopa kusema."

Majirani walisogea karibu. Polycarpe akacheka peke yake. "Bongo hiyo, uongo mutupu! Mutoto anaogopa safari, anatunga maneno. Tata Kazadi, weye mutu muzima, utasikiliza batoto?"

Bilonda alimwona baba yake akivimba kwa hasira, na hakujua hasira hiyo ni ya nani. Alisubiri kofi. Halikuja. Tata Kazadi alinyoosha mkono, akachukua ufunguo kutoka kidoleni mwa Polycarpe, akaingia garini. Akawasha. Hakuondoka. Aliliacha gari lingurume pale pale, kama sufuria juu ya mbabula, akatoka, akasimama na mikono kifuani.

"Tunangojea," alisema.

"Tata, unaharibu mafuta yangu!"

"Tunangojea."

Jua lilipanda. Louis alichoka, akaketi juu ya godoro. Polycarpe alianza kufuta jasho, akakaribia mlango wa gari mara moja, mara ya pili, na kila mara Tata Kazadi alisogea akamzibia. Mwishowe mvuke ukatoka chini ya boneti, mwembamba kwanza, kisha mwingi, na maji yakaanza kutiririka langoni.

"Zima," Tata Kazadi akasema.

Polycarpe alizima. Alipoinua uso, hakuwa na aibu kamili, wala hakuwa na kiburi kamili. "Hapa mujini, kwenda soko, kwenda kanisa, haiko na matata," alisema. "Haukuniuliza kama inafika Kasai."

"Ni kweli," Tata Kazadi alisema. "Sikuuliza. Mama Bilonda aliuliza, mi nikamunyamazisha." Akamgeukia mke wake mbele ya watu wote. "Ongea naye weye."

Mama Ndaya hakupoteza wakati. "Kamioneti," alisema. "Kwa frigo na vitanda. Cherehani yangu inabaki na miye."

"Mama, tulipatana cherehani!"

"Tulipatana motokari, ukatuletea birika ya chai."

Majirani wakaangua kicheko, hata wale waliokuja kutazama kwa ubaya. Polycarpe alitazama mvuke, akatazama watu, akainua mikono. "Mama, ungefanya biashara na miye, tungekuwa matajiri. Chukua."

Waliondoka Jumapili, kengele za kanisa zikilia. Kamioneti ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikaenda. Mbuyu alikimbia nyuma yao mpaka mwisho wa mtaa, mkono juu, na Bilonda, aliyekaa juu ya magodoro akiwa ameshika cherehani, alimtazama mpaka vumbi likamfunika. Kwenye njia panda vijana wenye firimbi walipiga mabati na kuimba. "Mutazame konokono ya Bakasai!" walipiga kelele. Tata Kazadi alishika usukani, hakugeuza shingo. Kamioneti haikuweza kukimbia, kwa hiyo ilibidi asikie kila neno mpaka la mwisho.

Walivuka Lualaba pale Nzilo, maji ya bwawa yametulia upande mmoja na kunguruma upande mwingine. Kisha mlima ukaanza. Barabara ilikuwa mifereji na mawe, matope mahali pengine yalifika mhimili. Kamioneti ilipanda kama mwanamke aliyebeba gunia, bila haraka, bila kusimama. Waliyapita magari mawili makubwa, mazuri kuliko lao, yamekwama na wenyewe wameketi kivulini.

Zamu yao nayo ikafika. Jiwe liliruka, likapiga chini kwa kishindo, na muda mfupi baadaye Louis akapaza sauti: "Tata, tunadondosha!" Tangi lilikuwa limepasuka ufa, na mafuta yalichuruzika barabarani. Tata Kazadi alilala chini ya gari, akautazama ule ufa, akatoka, akaketi kwenye jiwe na mikono kichwani. Miaka yote ya udereva, na hakuwahi kutengeneza kitu kwa mkono wake. Karakana ya kampuni ilikuwa imebaki nyuma, na isingekuja kamwe.

Mama Ndaya alikuwa ameshafungua fungu lake la vyombo. Alitoa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mama Bilonda, hiyo ya nini sasa?"

"Ya kuosha kiburi," mama akasema. "Teremka tena huko chini. Sugua sabuni ndani ya ufa, sugua mpaka ijae. Bilonda, kata mpira wa gurudumu la zamani lililo nyuma kwa magodoro, kata kamba ndefu. Wale madereva wa samaki walifanya hivi, tukafika Bukama."

Tata Kazadi alisugua. Bilonda alimpa kamba za mpira, naye baba akazikaza, tabaka juu ya tabaka. Tone likachelewa. Tone likakoma. Baba na binti walibaki wamelala chini ya gari, nyuso zimepakaa mafuta na sabuni, wakitazama mahali pale pakavu.

Tata Kazadi akaanza kucheka. Mara hii kilikuwa kicheko cha chini kilichomtikisa tumbo, na hakikukoma upesi. "Miaka yote hii nimeishi na fundi nyumbani," alisema, "na nilikuwa ninamuletea nguo kufua!"

Kamina waliingia wakiwa wachafu kama watu waliotoka shimoni. Uani kwa misheni kulijaa watu wa safari. Mwanamke mmoja mzee, jina lake Mama Laure, aliwakaribia akiwa na wajukuu wake watatu. Walishushwa kwenye treni ili mabehewa yachukue wengine, na tangu hapo hawakupata nafasi. Aliomba wapelekwe hadi Mwene-Ditu, hata kwa kusimama.

Tata Kazadi aliitazama kamioneti. Alimwita Bilonda pembeni.

"Umekaa nyuma njia yote. Umeisikia hii gari kuliko miye. Ikibeba hao pia, itaweza?"

Bilonda alifikiri. Aliwaona wale watoto, mmoja anakohoa, na alitamani sana kusema ndiyo na kunyamaza. "Itaweza, tata," alisema, "lakini resori, ile springi ya kushoto, imelegea. Tukibeba wote, lazima tushushe magodoro na mapipa ya vyombo. Tena tukifika mashimo, sisi tulio na miguu ya nguvu tushuke tutembee."

Tata Kazadi alimwekea mkono begani, mkono mzito wenye harufu ya mafuta.

"Hivyo njo ninataka uniambie, siku zote," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile ulinidanganya kwa kunipenda. Nilijua, njo maana sikukupiga. Lakini uongo wa kumfurahisha mtu unafanya kazi ile ile ya uongo wa kumwibia: unamfunga macho, na yeye ameshika usukani, na ninyi wote muko nyuma yake. Na miye nilikosa zaidi yako. Nilichagua gari kwa ajili ya watu wa kunitazama. Zile namba zako si mbaya, na furaha ya kuendesha si dhambi; mi ninaipenda mpaka sasa. Lakini kwanza mtu anauliza njia iko namna gani, anabeba nani, na kama kitu kikivunjika, ataweza kukitengeneza kwa mikono aliyo nayo. Akishajibu hayo, basi acheke akiendesha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, tata."

"Haya. Tushushe magodoro."

Walishusha, wakayaacha misheni kwa wale waliobaki. Mama Laure alipandishwa mbele, akampakata Elise. Kwenye mashimo Bilonda na Louis walishuka, wakatembea kando ya gari, wakisukuma ilipobidi. Tata Kazadi aliendesha dirisha likiwa wazi, kiwiko nje, anaimba wimbo wa Kiluba cha Kasai aliofundishwa na babu yake, na gari halikwenda kasi kuliko baiskeli.

Walipofika Mwene-Ditu, mbele ya nyumba ya dada yake Mama Ndaya, mashamba ya mahindi yalikuwa pande zote, na watu waliwasalimu kwa lugha ambayo Bilonda aliisikia nyumbani tu, kwa nadra. Hakumjua hata mmoja wao. Alisimama kando ya kamioneti, mguu mmoja bado juu ya ngazi yake, kama mtu asiye na hakika ya kushuka.

"Mama," aliuliza, "hapa njo kwetu?"

Mama Ndaya aliwatazama mmoja mmoja: mumewe anayejinyoosha mgongo, Louis, Elise aliyelala usingizi kifuani kwa Mama Laure, na wale wajukuu wanaoteremka.

"Kwetu, tutapajenga," alisema. "Kwa leo, tumefika wote."